Sehemu ya Mwisho ya Punda Rubani

Jumanne, 2 Septemba 2025

Kaka Komora amerudishwa kijijini kwetu Hewani kutoka hospitali. Daktari kasema apelekwe nyumbani, ale anachotaka. Kijiji kizima kimeelewa. Shemeji Teresia analia jikoni, kisha ananawa uso na kutoka kama hakuna kitu. Mimi pia nimeelewa, na nimeanza kufikiria shamba la mtoni.

Ni shamba la baba, udongo mweusi. Kaka hana mtoto wa kiume. Ana Lydia, na Lydia ataolewa. Nani anabaki? Ila hatusemezani tangu ile habari ya migomba ya mpaka, ambayo ilisogea yenyewe.

Kwa hiyo kwanza nimlainishe. Nilikuwa naoga wazo likanijia: Punda Rubani! Ile katuni ya utotoni. Siku za soko mama akiuza ndizi Garsen, sisi tunakaa chini kwenye hoteli ya babake Hiribae, mwenzetu wa utotoni, televisheni inawashwa kwa betri ya gari. Kanda ilikuwa moja tu, sehemu zilezile kila juma. Kaka aliipenda kuliko chakula. Akiiona tena atalia, atanishika mkono, na mbele ya wazee atatamka jina langu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda Garsen kwa Nuh, fundi wa simu. Kaitafuta kwenye mtandao akaipata yote, hata sehemu ambazo kanda yetu haikuwa nazo, akaniwekea kwenye simu. Nikakaa mahali na chai nikaangalia.

Masikitiko matupu. Nilikumbuka ndege inayong'aa na mbingu pana. Ndege ni sanduku. Mbingu ni wingu moja linalopita, kisha linapita tena. Punda anaruka, Mbweha anamchimbia shimo njiani ili akitua atumbukie, Punda anatua kwingine, Mbweha anatumbukia mwenyewe. Sehemu zote ni hivyo! Tulikuwa tunacheka nini? Mbweha ni mjinga wa kupindukia. Mwaka mzima shimo lilelile na hajifunzi.

Utotoni tulikuwa tukigombania nani awe Punda. Mimi ndiye niliyekuwa Punda. Nakumbuka vizuri.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempelekea. Tumbo limevimba, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Mkono hauna nguvu, shemeji ndiye aliyemshikia simu. Wingu lilipopita mara ya pili kaka alicheka mpaka akakohoa, na shemeji akacheka kwa kumwona anacheka. Sikutegemea.

Kisha akasema mimi, Ishmael, siku zote nilikuwa Mbweha. Nikakataa. Akasema tena, polepole, kwamba nilikuwa Mbweha na nilikuwa nikilia Mbweha akitumbukia. Sikulia. Ilikuwa moshi wa jikoni kwa babake Hiribae.

Akaniomba nikae tuziangalie zote. Nikasema nina kazi ndogo, nikawaachia simu. Kuhusu shamba, hakutoa neno.

Natoka, Hiribae anaingia na maziwa. Amezeeka vibaya kuliko mimi. Kasalimia, kakaa palepale nilipokuwa nimekaa, na nikiwa uani nikamsikia anacheka mahali panapostahili. Simu yangu, katuni yangu, na yeye ndiye anayefaidi!

Jumamosi, 6 Septemba

Mpango wa pili. Kwetu aliyepanda mwembe ana neno shambani, hata kama ardhi si yake. Simu nikaiacha ibaki kwa kaka makusudi, wote wawe wameinamia kioo, nikachukua miche ya miembe nikaenda.

Nilichagua sehemu safi kabisa: pana, haina kichaka, inashuka moja kwa moja mpaka majini. Najua ni malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa. Baba aliiacha wazi kwa babake Hiribae, na kaka akaiacha kwa Hiribae. Ni uvivu tu. Ng'ombe bado wako mbali bara, na watakaporudi watakuta miembe. Nikapanda, nikazungushia miiba. Chini karibu na mto nikachimba shimo kubwa la kuwekea maji ya kumwagilia.

Jioni shemeji kanikuta njiani. Kaka ameniulizia mara mbili. Wameziona zote, imebaki sehemu ya mwisho, na hataki ifunguliwe mpaka nije. Mgongo ulikuwa unauma. Nikamwambia nitakuja kesho.

Jumapili, 7 Septemba

Ng'ombe wa Hiribae wameshuka alfajiri. Kiangazi kimewarudisha mapema. Walipita walipopita siku zote. Miche imeliwa, miiba imekanyagwa. Nikakimbia mbele yao na panga nikipiga kelele, nikirudi kinyumenyume, nikatumbukia kwenye shimo langu mwenyewe. Matope mpaka kiunoni. Ng'ombe walinichungulia.

Aliyenivuta ni Hiribae. Nilimsubiri acheke nimtukane. Hakucheka. Aliniambia ametoka kunitafuta nyumbani kwangu, kaka amefariki kabla ya jua kutoka.

Nilikwenda vilevile na matope. Simu ilikuwa kwenye mkeka kando ya mto wake wa kulalia. Shemeji kasema alikuwa akigeukia mlango kila ulipolia. Moyo umeniuma, sijui niandike vipi. Umeniuma sana.

Jumanne, 9 Septemba

Tumemzika. Mchungaji alisema maneno mazuri, sikuyasikia.

Baadaye wazee wakasimama kueleza. Ijumaa, nilipoondoka tu, kaka aliwaita akawaambia shamba la mtoni ni la Ishmael. Alitaka kuniambia mwenyewe Jumamosi tukiangalia katuni. Lakini Jumamosi jioni wachungaji wa Hiribae walileta habari za miembe kwenye malka, na kaka akawaita wazee tena, akageuza neno. Shamba ni la Teresia na Lydia. Malka ibaki wazi. Mimi nimerudishiwa simu yangu.

Shemeji alinikabidhi bila ugomvi. Alisema hata baada ya hapo kaka alikataa sehemu ya mwisho ifunguliwe.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeifungua peke yangu. Wingu likapita, nikanyamaza kidogo nimwachie nafasi ya kucheka. Mbweha kachimba, katumbukia. Lakini safari hii Punda anageuza ndege, anatua, anakuja kukaa ukingoni mwa shimo na kumsubiri mwenzake atoke. Picha inakwisha Punda bado amekaa.

Nililia. Hakukuwa na moshi, sijawasha moto tangu msiba.

Halafu nikairudia, na kosa la Mbweha nimeliona. Anachimba njiani. Pembeni mwa njia je, kule kwenye kona ya migomba, ambako ng'ombe hawafiki na shemeji haendi? Nimeshampigia Nuh, kaka yake anauza miche Garsen. Kesho naifuata.