Nilivyotaja Umri wa Gitaa la Mama Magesa

Leo nimeaibika mchana kweupe, huko Bugwema, mbele ya mama mjane na ng'ombe wake. Ng'ombe angalau hawakucheka.

Wenzangu wa ile bendi yetu ya kiwanda, nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kule sokoni Mwigobero, maana wale wauza dagaa wataongeza yao. Hali mnaijua. Kiwanda kimesimama, bendi imekufa, magitaa yamefungiwa stoo. Zamani hela tulikuwa nayo, madukani hakuna hata sabuni. Sasa sabuni za kila rangi zimejaa, hela ndiyo hakuna. Mimi, mpiga solo wenu, nauza nyanya za mke wangu. (Na anasema nazipanga vibaya.)

Basi juzi kaja Bwana Sospeter, kiongozi wa bendi ya hoteli moja huko Mwanza. Kasikia kuna mama Bugwema anauza gitaa la pedali. Wengi wenu hamjaliona. Linalala kama meza, lina miguu minne, nyuzi ziko juu, pedali chini kama za cherehani, halafu unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi linalia kama mtu aliyefiwa. Bwana Sospeter alitaka la zamani. Anasema ya zamani yalitengenezwa na watu, haya ya sasa ni bati tupu. Na alitaka mtu wa kulipiga.

"Wewe magitaa haya unayajua?" akaniuliza.

"Mimi? Nikiliona tu nakutajia mpaka umri wake."

(Nilikuwa nimeliona mara moja. Pichani. Kwenye karatasi iliyofungiwa karanga.)

"Haya. Likiwa la zamani kweli, kazi ya kulipiga ni yako."

Mwanza! Kazi! Nililala naota stejini.

Leo asubuhi tukaenda na pikapu yake. Mama Magesa akatukaribisha vizuri, akatupa viti, akatuletea maji ya kunywa. Gitaa likatolewa ndani, limefunikwa kanga. Yesu wangu! Chuma kimeliwa na kutu, mbao nyeusi tii, skrubu zimeota unga wa kijani, mguu mmoja umefungwa kamba ya katani.

"Haya bwana," akasema Bwana Sospeter. "La lini hili?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno fupi tu! Badala yake nikakunja mikono ya shati. Nikalizunguka. Nikaligonga kwa kidole, nikatega sikio. Nikapiga magoti, nikanusa ubao, nikafumba macho.

"Unaisikia harufu hii? Vanishi ya Ulaya. Hawaitengenezi tena."

Bwana Sospeter akanusa kwa mbali. "Mbona kali?"

"Ndiyo ukongwe wenyewe huo!"

Mama Magesa akainua mkono. "Baba, ila hiyo harufu..."

"Subiri kidogo, mama." (Nilimkatiza. Nyumbani kwake. Baada ya kukalia kiti chake.)

Nikachovya kidole kwenye ule unga wa kijani, nikalamba. Polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Chumvi ya bahari," nikatangaza. "Limekuja kwa meli, kabla ya Uhuru, tena mbali sana kabla. Na aliyelitunza namna hii hakuupenda muziki hata kidogo."

Mama Magesa akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani ananishangaa kwa ujuzi.

"Baba," akasema, "hiyo siyo bahari. Hiyo ni mkojo wa ng'ombe."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Alilileta marehemu mume wangu," akaendelea. "Alikuwaga anafanya kazi kwenye meli za nje. Lilikuja jipya, ndani ya boksi, mwaka ule Magesa wangu anaanza darasa la kwanza. Sasa yuko la saba. Lilipigwa kanisani Jumapili moja tu. Halafu ukaja ule msako wa wahujumu uchumi, askari wanapekua nyumba hadi nyumba. Watu walikuwa wanamwaga sukari ziwani, wanazika mabati. Sisi tuna dude hata majirani hawalijui jina, na risiti hatuna. Askari ungemwambia nini? Tukalifukia zizini, chini ya samadi, ng'ombe wakalala juu yake. Mume wangu alikuwa analia akichimba. Kila mwaka alisema tulitoe, akaogopa, mpaka amekufa hajaligusa tena. Mimi nimelifukua mwezi uliopita, maana siku hizi watu wanauza chochote na hakuna anayewauliza."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Alipendaga sana muziki, baba."

Jamani, ujuaji mwingi mbele giza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema "nisamehe, mama". Yeye akaniletea kikombe cha maji nisukutue. Bora angenizaba kofi.

Bwana Sospeter akaligeuza gitaa, akasugua kibati kilichopigiliwa chini, akasoma mwaka. "Mama anasema kweli. Ni la juzi tu. Ila linatengenezeka." Wakaelewana bila mimi. Mama alitoa sharti moja: likipona, lipigwe kwanza kanisani kwao. Akakubaliwa.

"Na ile kazi?" nikauliza. (Ndiyo, niliuliza. Njaa haina haya.)

"Ndugu yangu, mimi natafuta mwenye masikio. Wewe unatumia ulimi."

Pikapu ikaondoka na gitaa. Mimi nimerudi Musoma juu ya marobota ya pamba, kwenye lori, na ladha ile ya ng'ombe bado iko mdomoni.

Nyumbani nimekuta mke wangu ameninyooshea shati la Mwanza, kalitundika mlangoni. Akaniuliza kama nimekula huko nilikotoka. Nikamwambia nimeonja tu. Bado hajauliza nimeonja nini, kwa hiyo ninyi nanyi fungeni midomo.