Zahran bin Salem na Programu Mbili za Mabomba ya Kuzimia Moto

Upanga hakuwa nao. Farasi hakuwa naye, na hata angekuwa naye, asingeweza kugeuka naye katika vichochoro vya Kiponda. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, ila cheti cha masomo ya usiku alichokitia fremu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa na macho ya kuonea karibu pasi na miwani, wala vidole vya kupiga taipu zaidi ya viwili. Hakuwa na kompyuta nyumbani, wala hakuwa na mtu wa rika lake wa kumuuliza huwashwa vipi. Na juu ya yote hayo, hakuwa na muda. Basi jongeeni, enyi watu wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, nanyi wa Chwaka mliokuja mjini kwa haja zenu kaeni kitako, kahawa ipite kwa zamu, isimuliwe habari ya Zahran bin Salem, simba wa rula, bwana wa wino mweusi, mkono usiotetemeka, namna alivyoingia vitani katika mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, na namna alivyotoka.

Asili ya vita ilikuwa nyumba. Huko Malindi palikuwa na jumba la mawe na chokaa ambalo mwenyewe alitaka kuligeuza nyumba ya wageni, naye akashauriwa kuwa wageni hawalali mahali pasipo na kinga ya moto. Akataka mabomba ya maji yapitishwe darini, yenye vinyunyizio vinavyofunguka vyenyewe joto la moto likivifikia. Na shauri lilikuwa jema, kwa kuwa nyumba za mji ule zimeegemeana bega kwa bega, boriti kwa boriti, na moto ukishaingia katika moja haupigi hodi kwa ya pili. Lakini mabomba yangekatwa Dar es Salaam kwa kufuata ramani, na mkataji hakukubali ramani ya mkono. Alitaka ya kompyuta.

Hapo ndipo Bi Ghaliya, malkia wa ofisi ndogo ya uchoraji iliyokuwa Hurumzi, alipowakusanya majemadari wake, nao walikuwa wawili. Wa kwanza ni Zahran. Wa pili ni Muhannad, mtoto wa kaka yake Bi Ghaliya, mhandisi aliyerudi masomoni Misri akiwa na ndevu chache na hesabu nyingi.

"Wafanyabiashara wawili wametuletea programu za kujaribu," akasema Bi Ghaliya. "Itakayobaki hapa ni moja, na nataka kumwandikia aliyeileta kabla ya Ijumaa. Bwana Zahran, wa kuitumia ni wewe, basi wa kuchagua ni wewe. Lakini sikufichi. Ikitushinda, kazi inakwenda Mombasa, na kiti chako cha dirishani sitakuwa na kazi ya kukiwekea."

Zahran akasimama, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena, kwa kuwa mashujaa hawajibu kwa haraka.

"Bi Ghaliya," akasema, "mkono huu umechora misikiti, umechora madarasa, umechora choo cha skuli ambacho mpaka leo hakijavuja. Mkono uliochora choo kisichovuja hautashindwa na sanduku lenye kioo."

"Inshallah, Ami," akasema Muhannad. "Lakini kwanza tuiwashe."

Wakaiwasha. Programu ya kwanza ilikuja katika kasha la rangi ya dhahabu, na ilipofunguliwa ilipiga muziki na kumwaga maua kwenye kioo. Bi Ghaliya akaipa jina la Bwana Harusi. Ya pili ilikuja katika bahasha ya kaki, na haikupiga kitu. Iliuliza swali, ikajibiwa, ikauliza jingine. Muhannad akaiita Kadhi.

Zahran akakunja mikono ya kanzu, akamwendea Bwana Harusi. Akakamata kipanya, akakisukuma. Mshale kwenye kioo ukakimbilia pembeni ukajificha. Akauandama, akautoa mafichoni, ukamponyoka tena, akauandama tena kama askari aandamavyo mwizi sokoni, mpaka ukatii. Kisha akampa vipimo vya ghorofa ya juu ya jumba lile, vyumba vilivyofuatana kimoja baada ya kimoja. Bwana Harusi akataka urefu na upana tu, basi. Na kabla Zahran hajameza mate, mabomba yakajipanga kwenye kioo kama safu za sala, na vinyunyizio vikakaa juu yake kila kimoja mahali pake.

"Tazama," akasema Zahran kwa sauti ya chini. "Hajanibishia hata neno."

Akamgeukia Kadhi, na hapo ndipo vita vilipokuwa vikali. Kadhi alitaka kila ukuta peke yake, na baada ya kila ukuta akauliza habari za pembe yake. Zahran akajibu: pembe ni mraba, mraba, mraba, kama alivyochora maisha yake yote. Umeme ukakatika. Ukarudi. Akaanza upya, shujaa asiyerudi nyuma, mpaka chumba cha kwanza kikafika ukuta wa nne. Kioo kikageuka chekundu.

"Inasema ukuta wa nne haukutani na wa kwanza," akasema Muhannad.

"Nimeisoma. Inasema mie mwongo."

"Haijasema mwongo, Ami."

"Kumwambia mchoraji kuta zake hazikutani ni sawa na kumwambia mpishi wali wake mbichi, mbele ya wageni. Vipimo vile nimevichukua mwenyewe, kwa mkono wangu. Bi Ghaliya, mwandikie wa Bwana Harusi."

Bi Ghaliya akafungua kalamu. Muhannad akakohoa.

"Shangazi, ngoja kidogo. Twende Malindi na ramani ya Bwana Harusi, tuitandaze ndani ya nyumba yenyewe. Kama imesema kweli, nitaibeba barua kichwani mpaka posta."

"Twende," akasema Zahran. "Nataka kuta zenyewe zishuhudie."

Wakenda, Zahran mbele na futi kamba, Muhannad nyuma na chaki, wakapanda ngazi za jumba lile na kuanza kuhesabu mabomba kwa kufuata ramani, wakitia alama sakafuni pale penye kinyunyizio juu yake. Chumba cha kwanza kilikaa vizuri. Cha pili, alama zilikaribia mlango zaidi ya ilivyotarajiwa. Cha tatu zilikaa mlangoni hasa. Na katika chumba cha mwisho, Zahran aliivuta futi kamba mpaka ikagota ukutani.

"Karatasi inasema bado," akasema Muhannad.

"Ukuta unasema basi," akasema Zahran. Akasimama akiutazama. "Lakini kinyunyizio hakipotei. Kama hakipo huku, kipo kule."

Wakashuka, wakenda nyumba ya pili, wakabisha hodi. Bi Shemsa, mwenye nyumba, alikuwa akichagua mchele barazani kwake. Akawasikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo, akawaongoza juu. Wakapima upande ule, wakatoa unene wa ukuta, na ncha ya futi kamba ikaishia juu ya kitanda chake cha samadari.

Bi Shemsa akatazama dari, akatazama kitanda.

"Kwa hivyo nyumba yenu ikishika moto, ntakayerowa mie?"

"Kwa mujibu wa ramani, ndiyo, Bibi," akasema Muhannad.

"Na hiyo ramani imefunzwa adabu wapi, inaingia chumbani kwa watu bila ya hodi?"

Zahran akakaa kwenye kiti cha Bi Shemsa pasi na kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Maana alishajua. Hakuna chumba katika mji ule chenye pembe mraba. Ukuta mmoja hurefuka, mwenziwe hupungua, na kila mtu analijua hilo. Lakini ada ya wachoraji ilikuwa kuinyoosha nyumba karatasini, kwa heshima ya mwenye nyumba, ambaye hapendi kuiona imepinda. Kisha fundi huipinda tena mwenyewe akifika kazini. Ada ilikuwa njema kwa matofali na chokaa. Bwana Harusi ameipokea heshima ile kwa mikono miwili, akapewa ukuta mrefu wa kila chumba kuwa ndio urefu wake, na kidogo kwa kidogo ameirefusha nyumba mpaka kwa jirani.

"Bomba la chuma halina fundi wa kulisamehe," akasema Zahran. "Bwana Harusi kanikubalia kila kitu. Kadhi kaniambia kuta zangu hazikutani, na ni kweli hazikutani, kwa sababu pembe nilizompa si za nyumba hii. Muhannad, lete kamba."

Wakarudi katika chumba cha kwanza cha jumba lile, wakavuta kamba pembe kwa pembe, mshazari huku na mshazari kule, Zahran akiandika na Bi Shemsa, aliyewafuata kwa kutaka kuhakikisha, akiwashikia ncha. Ofisini, Bi Shemsa akiwa bado nao, Bi Ghaliya alipoyasikia yote akauliza jambo moja tu.

"Ukimchagua Kadhi, itakubidi uipime nyumba nzima upya, kila pembe. Na nyumba ya baada yake vilevile. Utaweza?"

"Nimezinyoosha nyumba za watu umri wangu wote, Bi Ghaliya. Nnayo hamu ya kuzichora zilivyo."

Akaketi mbele ya Kadhi. Akampa pembe ya kwanza, si mraba. Ya pili, si mraba. Vidole viwili vikashuka na kupanda kama wapiga ngoma wa jeshi, na Bi Ghaliya, Muhannad na Bi Shemsa wakamsimamia nyuma. Mstari wa ukuta wa nne ukatembea polepole kwenye kioo, ukaukaribia wa kwanza, ukaugusa. Kioo hakikugeuka chekundu. Mabomba yakashuka ndani ya chumba kile kilichopinda, yakapinda nacho, yakapita baina ya boriti, na yote yakaishia upande huu wa ukuta.

"Mabruki, Ami," akasema Muhannad, akambusu mkono.

"Na mie ntalala pakavu," akasema Bi Shemsa.

Iandikwe basi katika tarikhi ya mji kuwa siku ile, kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, kuta nne za Malindi zilikutana kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta, na aliyezikutanisha ni Zahran bin Salem, mshinda mraba, mlinzi wa vitanda vya majirani, ambaye kiti chake cha dirishani kilibaki chake.

Bi Ghaliya akatamka barua kwa aliyemleta Kadhi, naye Zahran akaiandika kwa herufi zake za ramani, kila moja imesimama wima: kwamba wamezijaribu programu mbili, kwamba wamechagua hii, na kwamba ipelekwe upesi pamoja na kitabu chake cha maelezo. Bi Ghaliya akatia saini. Zahran akaikunja mara tatu, akaitia bahasha, akalamba gundi, akaipiga pasi kwa ubapa wa rula. Muhannad akanyoosha mkono ili aipeleke. Mzee akaitia mfukoni mwake. Akavaa kofia, akenda kwa miguu mpaka posta ya Shangani, akatia stempu, akahakikisha haikukaa upande, akaiachia barua sandukuni.