Chanjo ya Kinyozi wa Vichwa Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa kingine kimenitoroka. Nimemnyoa mwalimu upande wa kushoto, tumbo likaniita, nikakimbilia choo cha uani. Kurudi, kiti kitupu. Mwalimu yuko ng'ambo ya barabara kwa Wembe, kinyozi mwenzangu na adui yangu, anamaliziwa upande wa kulia. Wembe akanipungia mkono. Dharau hiyo.

Ugonjwa wenyewe ni huu: utumbo umevimba na kutoka vidonda, kwa sababu askari wa mwili wangu wamegeuka kumpiga mwenye nyumba. Leo daktari kasema ipo dawa ya kuwatuliza. Nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba askari wakitulia, hata mwizi wa kweli ataingia kwa raha zake. Kwa hiyo kabla ya dawa lazima nichanjwe: mafua, homa ya mapafu, homa ya ini. Sindano tatu!

Mimi kutwa nzima nashika wembe kwenye koo za watu. Sindano siiwezi. Kinyozi hajinyoi, na kuchomwa pia hachomwi.

Jumatano, 5 Machi

Hila imepatikana. Juzi nikivaa shati kule zahanati nilimsikia nesi akisema watu wa ugonjwa wangu, wakishaanza dawa, hawapewi chanjo zenye vijidudu hai. Leo nikamweleza mke wangu, kwa uso wa huzuni, kwamba wataalamu wamenikataza chanjo. Nusu ya ukweli nayo ni ukweli.

Hakubisha. Alichukua simu, akampigia nesi mbele yangu, akaweka sauti juu ili nami nifaidi. Nesi akafafanua kwamba hizo zilizokatazwa hata hakuwa na mpango wa kunipa. Hizi tatu hazina kijidudu hata kimoja kilicho hai. Mke wangu akakata simu, akauliza kama siku hizi nawakimbia hata marehemu.

Tumbo liliniita kwa wakati mzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemtuma shemeji. Ni kaka wa mke wangu, anaishi kwetu, tuna kimo kimoja na upara mmoja. Nimempa shati langu la bluu liwe lake kabisa, akachanjwe badala yangu. Mimi nikajibanza nje ya dirisha la zahanati.

Jina langu alilitaja vizuri. Akakohoa kigonjwa, ingawa ugonjwa wangu hauna kikohozi. Nesi akamkaribisha, akamjulia hali, kisha akamwambia taratibu kwamba yeye si mimi. Shemeji akaapa. Nesi akasema mgonjwa wa utumbo, hata avae shati la nani, akiingia pale huuliza kwanza choo kiko wapi, ndipo anatoa salamu. Shemeji alikuwa ameingia na kuketi kama bwana harusi.

Hakumfukuza. Alisema afadhali amekuja, maana wanaoishi na mimi nao wanafaa kuchanjwa mafua wasije wakaniletea nyumbani. Shemeji akakubali, akachomwa kwa jina lake mwenyewe. Hata hakukunja uso, mjinga yule. Kisha nesi akaja dirishani kuniita. Nikasema nakwenda chooni. Kwenda, nilikwenda kweli. Kubaki humo mpaka zahanati ikafungwa ndiko kulikokuwa hila.

Jumatatu, 10 Machi

Damu asubuhi, na nyingi. Daktari kasema dawa haiwezi kuningoja zaidi. Wiki hii ataianza, nimechanjwa au sijachanjwa. Tofauti ni kwamba nisipochanjwa, homa ya mapafu ambayo wengine huugua wakapona inaweza kunilaza nisiinuke tena. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Shati moja amelikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Naogopa sindano, lakini leo nimeona mtu anayeogopa kuliko mimi, na anayemwogopea ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Wembe kaja dukani kwangu na plasta mkononi. Nikadhani amekuja kunicheka, maana mdomo wa shemeji hauna mlango. Kumbe naye amekwenda kuchanjwa mafua. Alisema vichwa vyangu huishia kwake na vya kwake hurudi kwangu, hataki vinibebee kitu.

Nikamuuliza vya kwake vilirudi lini. Akashangaa. Akauliza nilidhani ndevu za mwalimu nilizonyoa Ijumaa zilikujaje. Kumbe kila kichwa nusu akikimaliza, ndevu hazigusi: wateja anawarudisha kwangu. Na mimi nilikuwa najisifu kwamba wateja wananipenda!

Akasema amechoka kumalizia kazi za watu, anataka ushindani wa haki. Akafunga duka lake, akafunga na langu, tukaondoka.

Niliuliza choo kwanza. Halafu nikakaa, Wembe akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nitulie nisije nikajiharibu. Ndiyo maneno ninayowaambia wateja. Nesi akachoma mkono huu, akachoma ule, akarudi huu. Nililia kidogo. Wembe anasema si kidogo.

Njiani nilimshukuru. Akaniambia nitembee.

Alhamisi, 3 Aprili

Dawa inafanya kazi. Leo nimemnyoa mwalimu kichwa kizima, kushoto, kulia na kisogo, sikuinuka hata mara moja. Nilipomfuta shingo, Wembe alipiga makofi kule ng'ambo. Mke wangu ameanza kuimba jikoni tena.

Nawashukuru wote: daktari, nesi, mke wangu, shemeji na shati lake, hata Wembe. Bila wao ningekuwa uani mpaka leo, au pabaya zaidi. Sitasahau.

Nesi amenikumbusha kwamba chanjo ya homa ya ini haiishii kwenye sindano moja. Ya pili ni wiki ijayo. Wembe ameahidi kunisindikiza. Nimemwambia imeahirishwa.

Shemeji amekubali shati la kijani. Tumefanya mazoezi jioni nzima: akifika mlangoni, hata kabla ya salamu, aulize choo kiko wapi.