Ndoo Nne Mlangoni mwa Maktaba

Jumatatu, 7 Julai
Mjukuu wangu Gloria anataka chuo cha uuguzi. Maombi yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na hayapelekwi kwa mkono, ni kwa intaneti. Maktaba ya hapa Bariadi inaitoa bure. Kompyuta mbili, watu kama siafu. Gloria kasema bibi tulia, nitakwenda mwenyewe. Nitulie vipi? Mimi darasani sikuingia, herufi kanifundisha katekista, lakini foleni naijua. Miaka arobaini napanga ndoo kisimani. Nimepeleka ndoo nne. Mlinzi kasema leo Saba Saba, wamefunga. Nimemwambia kisima hakina sikukuu.

Jumanne, 8 Julai
Alfajiri nimeweka ndoo mlangoni, nikarudi kuchambua pamba. Watu wa hapa wana adabu. Kila aliyefika kaona ndoo, kaweka chombo chake nyuma, kaenda zake. Madumu, mabeseni, hata sufuria. Dastan, yule msimamizi wa maktaba, kafungua kakuta vyombo kumi na tisa, mtu hakuna. Kaingiza vijana wawili wapita njia. Tumefika na Gloria saa nne, kompyuta zina watu. Nimemuuliza Dastan zamu yangu iko wapi. Kasema zamu ni ya mtu, mayu, mama yangu, si ya ndoo. Nikamuuliza kama ndoo ilijileta yenyewe. Kageukia vitabu vyake. Na sisi tumekosa kompyuta.

Jumatano, 9 Julai
Ndoo tena, na safari hii nimekaa mwenyewe kwenye kiti cha kompyuta nimshikie nafasi Gloria, aliyekuwa kapeleka pamba kwenye mzani. Kila mtu hupewa saa moja. Sikugusa kitu, nisije nikaharibu. Dastan kaniuliza natafuta nini. Nimesema nimekaa. Saa yangu ikaisha, Gloria ndiyo anaingia, kiti kakirukia Lukresia, jirani yangu. Huyu huja kila siku kuangalia kwaya yake mwenyewe. Kaziba masikio na vile vidude, kaimba maktaba nzima isikie. Nimemwambia sauti yake ni ya ndama aliyeachishwa ziwa. Kasema ndoo zangu zinavuja. Dastan katutoa wote wawili, Gloria nyuma yetu akitusihi tunyamaze. Nimeambiwa nisirudi wiki hii.

Alhamisi, 10 Julai
Lukresia kaja kuomba radhi. Hakujua ni habari ya chuo. Nimempa michembe, vile viazi vitamu vikavu, tumetafuna, tumepanga. Tumekusanya akina mama kumi na wanne wa jumuiya, waingie mapema wamshikie Gloria nafasi. Wameshika vizuri. Viti vyote, madirishani, hadi kwenye ngazi. Gloria kafika, hakuna pa kupenya. Hewa ilipokaribia kuisha, Dastan katoa wote, kafunga. Gloria kalia njia nzima. Nimembebea mkoba.

Ijumaa, 11 Julai
Saa nane Gloria haonekani. Ndani sitakiwi, nikazunguka nyuma ya maktaba. Nimemkuta kachuchumaa ukutani, karibu na choo, na simu yake yenye ufa. Nimemfokea, kama kakata tamaa aseme. Kanyoosha kidole nimwache. Baadaye kanieleza: intaneti inapenya ukuta, simu yoyote inaipokea, na neno la siri limebandikwa pale mlangoni siku zote. Nimemuuliza mbona hakulisoma mapema. Kasema mlangoni palikuwa na ndoo zangu, au mimi natolewa, au akina mama. Saa tisa na dakika hamsini simu ikasema maombi yamepokelewa. Nimemkumbatia mpaka simu ikaanguka. Sasa ina nyufa mbili.

Jumamosi, 12 Julai
Gloria kasema jibu litakuja wiki ijayo, na atatakiwa kulithibitisha siku hiyohiyo kwa intaneti. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nimefikiri sana. Pale ukutani ni pazuri, watu watapagundua. Baba yangu alikuwa na ngitili, nyasi alizozizungushia miiba ili ng'ombe wa watu wasizimalize kabla ya kiangazi. Basi mimi na Lukresia tumekata miiba mikokoteni miwili, tumeziba pembe yote ya ukuta, juu hadi kifuani. Hata paka hapiti. Gloria kaja kuangalia, kauliza mlango uko wapi. Nimemwambia mlango ungeingiza watu.