Mtungi wa Kliniki ya Uzazi, Kitengela

Mgeni wa heshima, ambaye ni mimi, Naibu wangu, Naibu wa Naibu wangu, aliyefika pamoja na msaidizi wake, viongozi wa dini, wazee wa nyumba kumi kutoka Kitengela, Kimana na Ewuaso Kedong, stakeholders wote, wakiwemo walioomba udhuru, na akina mama, ambao kwa protokali mnatajwa mwisho lakini ndio wa kwanza moyoni mwangu, nawasalimu kwa Kimaasai: takwenya! (Akina mama wachache: Iko.)

Mimi, Daktari Mbugua, na huu udaktari ni wa heshima, nilipewa bila kuomba (vicheko vya adabu kutoka meza kuu), nikiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Uzazi Endelevu, niko na furaha isiyo na kifani kuzindua kliniki hii ya ultra-modern, itakayowapatia akina mama waliobakiwa na mayai machache vidonge vya homoni kwa miezi mitatu kabla ya kupandikizwa mimba, na si vidonge tu, bali vidonge ndani ya framework. (Makofi.) Wako wataalamu wanaosema eti utafiti haujakamilika, eti haijulikani vizuri kama homoni hizo zinasaidia. Sisi wetu tuliukamilisha kwa siku nne, katika hoteli moja Naivasha, na tukapata zinasaidia kwa asilimia mia moja na sita. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Kufikia leo asubuhi, akina mama mia mbili na kumi na mmoja wamejaza fomu, na kila mmoja ametimiza kipengele cha nne, kinachomtaka ajiondoe kwanza kwenye orodha ya hospitali nyingine yoyote, ili tuepuke duplication of services. Mfano bora ni mama Nasieku hapa mbele, mwalimu kutoka Oltepesi, miaka thelathini na tisa, aliyengoja miaka miwili kwenye orodha ya hospitali moja kubwa Nairobi, akabakisha wiki tatu afikiwe, na akajiondoa kwa kutuamini. Simama, mama, watu wakuone. (Nasieku anasimama. Anaomba kipaza sauti.) Mpeni, mpeni, sisi ni watu wa public participation.

(Nasieku: "Nilijiondoa mwezi wa tano, na sasa ni wa kumi na moja. Hakuna kidonge nimeona. Daktari wa Nairobi aliniambia mayai yangu hayangoji, na mimi nimengoja. Halafu huo mtungi wa baridi mmefunga riboni hapo mezani naujua. Huja kwetu bomani na mbegu ya fahali.")

(Kicheko kirefu upande usio na hema.)

Asante kwa hilo, ambalo si swali bali ni maoni. Mtungi ni mtungi. Baridi ya ng'ombe na baridi ya binadamu ni baridi moja, na kamati yangu ilienda benchmarking mpaka Uholanzi ikathibitisha. (Meza kuu inapiga makofi peke yake.) Kuhusu vidonge, viko kwenye pipeline, kuhusu daktari, nafasi yake itatangazwa, na kuhusu jengo, mnaliona pale nyuma (watu wanageuka, pale nyuma kuna mbuzi), mkiangalia na vision.

Homoni! (Meza kuu: Kwa wote!) Uzazi! (Meza kuu: Endelevu!)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mwenye hema, ambaye analihitaji saa nane kwa harusi. Namshukuru Bwana Kuntai wa mifugo kwa kutuazima mtungi. Tangu saa tano ananionyesha saa yake, kwa sababu kuna ng'ombe Kimana wako na joto, na hao hawawezi kungojeshwa. Akina mama, fomu zenu ziko salama ndani ya gari langu, na siku mradi utabuniwa mtapigiwa simu. Na wewe mama Nasieku, usilie mbele ya kamera. Ile nafasi uliacha Nairobi haikupotea bure: aliipata mke wangu Judy, yuko na mimba ya miezi minne sasa, na amenituma nikushukuru.