Uzinduzi wa Maji Mlangoni, Chaani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mashekhe na wachungaji mliotuombea dua. Wazee wa mtaa. Madereva wa tuktuk mlioziba njia. Na kina mama wa Chaani mliokuja na mitungi mitupu kuipamba hafla hii: asalaam aleikum na hamjambo! (Makofi. Mtungi waanguka.)

Mimi, Abdulghani, Mkurugenzi wa Uratibu wa Utekelezaji wa Mikakati, nimesimama hapa kuizindua programu ya Maji Mlangoni, ambayo, kwa mujibu wa rodimapu yetu na deliverables zake zote, itamwarifu kila mwananchi kwa simu yake siku na saa maji yatakapofika kwenye mfereji wake, asiwe tena wa kuamka alfajiri kuuchungulia. (Vigelegele.)

Najua Bi Dhahabu pale mbele anamwoza bintiye kesho, na pilau ya watu mia tatu haipikwi kwa mate. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, niambie tu maji yaja lini, nijue kama nangoja mfereji au namwita wa mkokoteni." (Bi Dhahabu: "Na mpaka sasa sijaambiwa!") Subira, mama yangu, wallahi jibu laja. Na mimi nimealikwa. Tangu juzi nalilinda tumbo langu kwa ajili ya pilau hiyo.

Sasa mtaniuliza, mafanikio haya yamepatikanaje? Mwandishi wa programu ni Rispa, binti yule pale nyuma anayejificha uso. Alinijia analalamika kwamba kila akiiendesha, kompyuta inaleta makosa kwa maandishi mekundu, kwa sababu bomba letu halina kipimo na programu haijui kama maji yapo. Anataka tununue vipimo! Nikamwambia, binti, hakuna njia ya mkato? Akanieleza, shingo upande, kwamba ukitia alama mbili za mkwaju, hivi //, mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka. Mstari haujafutwa, jamani! Upo, unasomeka, ila haufanyi kazi. Nikasema, Alhamdulillahi, hayo ndiyo mambo ya ofisini kwangu! (Kicheko.)

Lakini alikuwa akitia mkwaju mstari mmoja mmoja, kama anayechambua mchele. Ndipo mimi nikadai ufanisi. Chagua fungu zima, shikilia Control, gonga mkwaju mara moja: mistari yote kimya! Ukiitaka tena, wagonga vilevile. Basi tukalinyamazisha fungu la kupima maji. Kosa likahamia fungu la kutuma ujumbe; nalo kimya. Likakimbilia ramani ya mitaa. Tukalifuata huko huko. Leo hii makosa yamepungua kwa asilimia mia moja, ufanisi usiopata kuonekana kutoka Miritini hadi Likoni! (Rispa: "Mheshimiwa, nilikwambia tusizindue...") Kaa, mwanangu, aibu zako za kike tumeziona.

Sasa nabonyeza kitufe mbele ya macho yenu. (Skrini nyeupe. Mtu akohoa.) Mnaona? Hata kosa moja! (Bi Dhahabu: "Na hata neno moja! Maji yaja lini, we Abdulghani?")

Swali zuri sana, na ofisi yangu imelipokea. Nikisema Maji, semeni Mlangoni! Maji! (Watu: "Wapi?") Chaani! (Watu: "Kiu!") Nahitimisha kwa kumshukuru Rispa, ambaye asubuhi ya leo, kwa amri yangu, alilinyamazisha fungu la mwisho, lile lililobaki. Nawashukuru watakaotununulia vipimo, siku watakapopatikana. Na nawashukuru nyinyi kwa kuipokea kwa mikono miwili programu ambayo, kwa lugha ya kitaalamu, kompyuta haijui kama ipo. (Minong'ono.)

(Bi Dhahabu asimama, ajitwika mtungi wake: "Ahsante, mwanangu. Nishamwita Kahindi wa mkokoteni aniletee maji. Na jina lako kwenye orodha ya walaji arusini nimelitia ile mikwaju yako miwili. Sikulifuta, lipo. Ila mpishi akilifikia, ataliruka." Vigelegele. Rispa acheka mpaka ashika ukuta.)

Mama yangu... hata ukoko?