Ombi la Kufuta Video ya Kabati Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Jitengenezee Nyumbani",

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mimi mwenzio hukuniacha mzima. Mimi ni fundi seremala, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na sita, na karakana yangu iko nyuma ya nyumba ninayoishi na mke wangu pamoja na mama yangu mzazi. Sijawahi kugombana na mtu kwa maandishi. Lakini maji yamenifika shingoni, na maji yenyewe yametoka kwako.

Kabla sijalalamika, ni vyema ujue utaratibu wa nyumba ya seremala. Wahenga walisema mganga hajigangi, tena kinyozi hajinyoi. Seremala hawakumtaja, naamini kwa kusahau tu. Kwetu kitu kikiharibika, mke wangu huniambia; nami huja na futi yangu, nikapima, nikatia alama ya penseli, nikasema "kesho", kisha nikarudi karakanani kwa kazi za watu. Utaratibu huo umetufikisha miaka kumi na minane ya ndoa bila ugomvi wa kuitiwa wazee. Miezi minne iliyopita mke wangu akauona ukurasa wenu kwenye simu. Yaliyofuata ni haya:

1. Mlango wa jikoni. Ulikuwa ukikwaruza sakafu kwa miaka saba, na sote tulikwisha kuuzoea. Mama alimjua kila aingiaye kwa mlio wake. Nilikuwa nimeupima mara kumi na tisa, na alama za penseli zipo, njoo uhesabu. Video yenu ya dakika mbili ikamfundisha mke wangu kujaza matundu ya skrubu za bawaba kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi. Njiti za kiberiti, Ndugu Mhariri! Nimeitafuta kasoro ya kazi ile wiki mbili nzima, nimeikosa.

2. Vifaa vyangu. Kwa funzo lenu la kupanga karakana, mke wangu alipigilia ubao ukutani, akachora umbo la randa, la msumeno, la patasi, kila kimoja na mahali pake. Zamani mteja akija kuulizia stuli yake, nilikuwa naitafuta bisibisi mpaka achoke aende zake. Sasa bisibisi inaonekana tangu barabarani. Nimelazimika kumaliza stuli nne kwa mwezi mmoja.

3. Yai. Nakiri hili si la useremala, ila limenichoma kuliko yote. Mliweka kichekesho cha yai lililochemshwa na kumenywa, linalowekwa juu ya mdomo wa chupa yenye karatasi inayowaka ndani, likajiingiza lenyewe. Mama yangu nimemtengenezea kitanda, meza na kiti cha kuegemea, na kwa vyote hivyo alisema "haya". Kwa yai alisema "lo!" mara tatu. Kisha akamwomba mke wangu alitoe ili lirudie. Na video ya kulitoa, bila shaka, mnayo.

4. Jirani yetu mshonaji. Droo ya meza ya cherehani yake ilikwama. Alinikuta mlangoni nimevaa aproni, penseli sikioni, randa mkononi, akaniuliza, "Shemeji, fundi yupo?" Nikamwambia, "Si ndiye mimi?" Akasema, "Aa, mimi namuulizia mkeo."

5. Sasa kabati. Hapa naomba ukae kitako. Tulipooana nilimwahidi mke wangu kabati la nguo la milango miwili, la mkono wangu mwenyewe. Mbao zake ziko chini ya kitanda chetu tangu mwaka ule. Kila mwaka nazivuta, nazipima, nazitia alama, nazirudisha. Nguo zake ziko kwenye masanduku mawili yaliyopandana, na kila anachokitaka kiko kwenye lile la chini. Ahadi ni deni, najua, usinikumbushe. Jumapili iliyopita nikaona kwenye kalenda ya ukutani, mraba wa Jumamosi, ameandika neno moja: "Kabati". Nilipochungulia simu yake nikaikuta video yenu, "Kabati la Milango Miwili kwa Hatua Tisa".

Hakunilaumu wala hakuniuliza. Nitakwambia ukweli, niliumia. Mke anayekunung'unikia bado ana haja na wewe, na mimi sijanung'unikiwa tangu mwezi uliopita. Nyumba imetulia mpaka naogopa. Akilimaliza kabati lile peke yake, sijui nitabaki na kazi gani katika nyumba ile zaidi ya kula.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba video hiyo ifutwe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, irefusheni iwe ya miaka kumi na minane, muda ambao kwa uzoefu wangu ndio unaolitosha kabati. Ikishindikana hata hiyo, iwekeeni onyo kama lile la chupa za dawa, kwamba isiachwe mahali ambapo mke wa seremala anaweza kuifikia. Fikiri mbele, ndugu yangu. Leo ni bawaba, kesho ni paa, keshokutwa mtu atauliza waume ni wa kazi gani, na swali hilo si la kutafutiwa jibu kwenye simu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule mwenye mikono inayoonekana kwenye video bila kichwa. Mwambie kucha zake ni safi mno kwa mtu wa mbao. Mama anakusalimu sana, anauliza kama kuna yai jingine.

Wako katika msasa na gundi,
Fundi Seremala (yule wa mwanzo)

Nyongeza: Barua hii niliimaliza Jumatano, nikasema nitaituma kesho. Leo ni Jumamosi. Asubuhi mke wangu alizivuta mbao mwenyewe, akazikata kwa kufuata alama zangu za penseli bila kupima upya hata moja. Mimi nilikuwa karakanani nasugua kwa msasa ubao ambao ulikwisha kulainika tangu juzi. Saa nne akasimama mlangoni na simu yake. Hatua ya saba ya video yenu inasema aitwe mtu wa kushika upande wa pili. Mshonaji alikuwa amekaa barazani mikono mitupu, nilimwona kwa macho yangu. Mke wangu akasema, "Njoo unishikie, fundi." Nimeshika mpaka gundi imekauka, na doa unaloliona hapa ni la vidole vyangu. Tafadhali msifute chochote. Ila hiyo hatua ya saba, naomba muiongeze kwenye video zote, hata ile ya yai.